Soketi ya Nne

Barua ya idara ya mambo ya kale ilikuwa na mihuri miwili:
antena moja, rangi ya jiwe, isizidi dhiraa,
wala msumari usiguse ukuta.
Nikapanda Svaneti kutoka Zugdidi, saa tano za kona,
modemu tatu nimezifunga kwenye sweta zisivunjike.
Mnara wa mawe, uliojengwa watu wajifiche visasi,
sasa unaombwa uwe mnara wa simu.

Ndugu watatu wa nyumba ile hawasemezani.
Jokia ana vyumba vya wageni,
wageni wanaotuma picha za theluji kabla ya kuvua viatu.
Murzakan ana jibini, na mizani inayopeleka hesabu mjini.
Besarion ana kipimo cha mto:
maji yakipanda usiku, kinapigia simu bonde zima.
Kila mtu laini yake, kampuni yake, mlango wake wa uani.
Wamegawana ng'ombe. Wamegawana ua kwa mstari wa chokaa.
Mnara haukugawika.

Mafahali wawili hawakai zizi moja;
mimi nimeletewa watatu, na kamba moja.

"Zisokote tu nyaya pamoja, fundi," alisema Jokia.
Sikumcheka, wengi hudhani hivyo.
Nikamwambia redio haina adabu ya mezani.
Yako ikisema, ya nduguyo, iliyotega sikio
kwa mnong'ono wa mlingoti ulio ng'ambo ya kilima,
itapigwa ukelele palepale sikioni
iwe kiziwi,
na pengine isipone.
Ndiyo kazi ya kisanduku hiki, kizito kama mche wa sabuni:
juu soketi moja, chini nne.
Kinawaweka jirani bila kuwagusanisha.

"Basi kila mmoja theluthi." Huyo Murzakan, mtu wa mizani.
Robo, nikasema. Na robo yenyewe pungufu,
kisanduku nacho kina ushuru wake.
"Robo? Sisi tuko watatu!"
Vya watatu vilikwisha dukani.
Na soketi ya nne haiachwi wazi:
wimbi likifika penye uwazi hugeuka,
hurudi kuwavuruga wenzake.
Hufungwa kwa kizibo. Kizibo humeza fungu la asiyekuwepo,
hulifanya joto, kimya kimya.

Hapo ndipo walipoacha kubishana.

Mama yao, Nazibrola, alikuwa akimenya vitunguu saumu.
Hakuinua macho. Aliuliza:
"Kwa hiyo Otia amehesabiwa?"

Nilikuja kuambiwa baadaye, na mpishi, jikoni.
Otia, kitinda mimba, alilala zizini kule chini
usiku ambao mto ulishuka bila hodi.
Kaka watatu walitoka mbio gizani,
kila mmoja akidhani mwenziwe amemwamsha mdogo.
Hakuna aliyeropoka neno siku ile,
na kutoka siku ile hakuna aliyesema.

Nilifunga antena kwa mikanda, bila msumari.
Taa ziliwaka: ya jibini, ya wageni,
ya mto ikachelewa, ikapepesa, tukangoja,
ikashika.
Vijiti viwili kila mmoja. Awali mmoja alikuwa na vinne
na wawili hawana kitu.

Mama akataka kupanda.
Miaka themanini na moja, viatu vya mpira, ngazi ya mti.
Alipofika kwenye kisanduku hakuuliza ipi ni ya nani.
Alikishika kizibo kwa vidole viwili, kama anayepima homa ya mtoto.
"Kina joto," akasema.

Joto la kizibo kile halifiki pumzi ya sisimizi.
Nina kipimo mkobani, kingelisoma mpaka nukta ya mwisho.
Nikakiacha mkobani.

Chini, ngazi ilitikisika kidogo, ikatulia.
Jokia alikuwa ameshika mguu wa kushoto,
Murzakan wa kulia,
na Besarion, asiye na mguu wa kushika,
alisema, kwa yeyote kati yao,
"Kaza."